Nani Asimame Mbele

Watu wa Unguja humjua ndovu kwa methali na kwa pembe. Wengi wao hawajapata kumwona kwa macho. Hata katika jina lake wana shaka nalo. Mzee wa mjini akisikia mtu wa bara anasema kwamba tembo ameingia kijijini, huenda kwanza akafikiri habari za ulevi, kwa kuwa tembo kwake ni kile kinachogemwa mnazini. Maalim alikuwa mmoja wao. Alisomesha Kiswahili kwa miaka 35, akawafahamisha wanafunzi wa vizazi viwili maana ya kusema kuwa ndovu hashindwi na mkonga wake, na kwamba wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Ndovu mwenyewe hakumwona ila katika picha.

Mbali na ualimu alikuwa mtunzi wa mashairi, na waliomsoma walimwita malenga ingawa yeye hakupenda kujiita hivyo. Baada ya kustaafu alianza kutunga tarbia za wanyama kwa ajili ya wajukuu zake. Paa, kima punju na chura hawakumpa taabu, kwani hao ni jirani zake. Alipofika kwa ndovu alikwisha andika kibwagizo kilichomridhisha kwa mizani na kwa sauti: “Ndovu bwana wa nyikani, nani asimame mbele.” Mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, alikisikiliza, kisha akauliza: “Babu, umemwona wapi?” Maalim akacheka. Usiku ule hakuandika ubeti wa pili, wala usiku uliofuata.

Ndipo alipoukumbuka mwaliko wa miaka mingi. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, Mgogo aliyekuja Unguja kusoma na ambaye sasa ni mwalimu mjini Dodoma, hakuacha kumwandikia kila mwisho wa Ramadhani, ingawa yeye ni Mkristo, akimtakia Idi njema na kumkumbusha kwamba nyumba ya mama yake kijijini ina nafasi. Mwezi wa Juni 2025 Maalim alitia katika mkoba kanzu mbili, sweta, kofia ya viua, daftari na halua ya kuwapelekea wenyeji, akavuka bahari.

Kutoka Dar es Salaam alipanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Safari haikufika saa nne. Alikaa dirishani na kuhesabu, kwa kuwa alikuwa amesoma habari za misafara ya kale. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na tangu hapo njia ya miguu ikaanza kusahauliwa. Ilipopita Kilosa nchi ilianza kupanda, kijani kikapungua, na hewa ikawa kavu kama ya chumba kilichofungiwa mchele. Kisha mibuyu ikatokea, mmoja mmoja, isiyo na majani. Maalim aliitazama kwa furaha ya mtu aliyeona jamaa ugenini. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe watoto hula ubuyu uliotiwa sukari na rangi nyekundu, na aghalabu hakuna awaambiaye kwamba mbegu zake zimetoka bara.

Mwanafunzi wake alimpokea kituoni, akamwinamia kidogo kwa heshima na kumchukulia mkoba. Alikuwa sasa mtu mzima mwenye mvi chache, lakini mbele ya mwalimu wake sauti ilimrudia ya darasani. Njiani alimsimulia asili ya jina la mji. Kwa Kigogo, alisema, idodomya ni kuwa kitu kimedidimia. Ndovu mmoja alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama matopeni, akashindwa kutoka. Watu wakaja kutazama, na mahali pakaitwa hivyo.

“Kumbe mji mkuu wa nchi una jina la ndovu,” alisema Maalim.

“Ndiyo, Maalim. Lakini mama yangu anayo hadithi nyingine. Utamsikia.”

Siku ya pili waliondoka alfajiri kuelekea kusini, katika njia ya Mtera. Mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 ulibaki nyuma na majumba yake mapya, na mashamba ya mizabibu nayo yakapita. Huko Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600. Watu wake wamejifunza kuishi na mtama na uwele, mimea inayovumilia kiu, na ng'ombe, ambao ni akiba itembeayo. Lakini akiba zote mbili zina mwisho. Vita vya kwanza vya dunia vilipopita, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakatika, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Mwanafunzi aliyataja hayo bila kukaza sauti, kama mtu anayeonyesha mahali palipokuwa nyumba ya babu yake.

Kijiji walichofikia kina nyumba za mabati zilizo nyingi na tembe chache zilizosalia. Tembe ni nyumba ndefu ya miti na udongo, iliyo fupi kwa kimo, na paa lake ni bapa, la udongo uliotandazwa juu ya magogo, ambapo mtu anaweza kuanika mtama. Mama wa mwanafunzi alikuwa na nyumba ya bati aliyojengewa na wanawe, lakini jikoni pake na ghala yake palibaki katika tembe ya zamani, naye huko ndiko alikopokelea wageni.

“Mbukwenyi,” alisema Maalim, kwa kuwa neno hilo alifundishwa garini.

Wanawake waliokuwepo walimjibu kwa shangwe. Mwanafunzi, kwa nia ya kumkweza mwalimu wake, akamjulisha kwao: “Huyu ni malenga, kutoka Unguja.”

Pakawa kimya, kisha wote wakaangua kicheko. Bibi mmoja aliweka chini ungo wake akauliza kwa Kiswahili: “Matamu au makali?”

Maalim hakufahamu. Mwanafunzi, huku akifuta machozi ya kucheka, akamweleza jambo ambalo hata yeye, katika miaka yake yote ya Unguja, halikumpitia akilini: kwa Kigogo, malenga ni maji. Lile jangwa dogo baina ya Mpwapwa na Ugogo, ambalo watu wa misafara waliliogopa kuliko wezi, liliitwa Marenga Mkali, maji makali, kwa uchungu wa maji yake. Basi wale wanawake walikuwa wameambiwa kwamba mzee huyu mwenye kofia nyeupe ni maji yaliyotoka baharini, na swali la yule bibi lilikuwa la haki.

“Mwambie,” alisema Maalim, “ya baharini ni makali siku zote. Lakini haya yamepita mchangani, huenda yamechujika.”

Tangu saa ile hakuitwa kwa jina jingine. Mama wa mwanafunzi alimwita Baba Malenga, naye akamwita Bibi. Walikula ugali wa uwele kwa mlenda na maziwa ya mgando kutoka katika kibuyu. Halua ilipokelewa kwa adabu. Watoto waliipenda, na wazee walisema inashika meno.

Jioni Maalim alifuatana na watoto hadi kwenye korongo. Alitarajia mto. Aliona mchanga mweupe, mpana kama barabara kuu, usio na tone la maji. Katikati yake wanawake walikuwa wamechimba visima vya urefu wa mtu, na ndani ya kila kisima mmoja alikuwa amepiga magoti, akiteka kwa kata maji yanayojikusanya polepole, akiyamimina katika ndoo iliyo juu. Kata moja ilichukua muda wa mtu kusema sala fupi. Waliosubiri walikuwa wamepanga ndoo zao kwa mstari, na palikuwa na ubishi mdogo, usio na hasira, juu ya nani asimame mbele: aliyefika kwanza, au aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani. Aliyeacha mtoto mgonjwa akapewa nafasi.

Maalim alikaa juu ya gogo akiwatazama. Alizaliwa kisiwani, na maji, kwa fikira zake, yalikuwa kitu kinachomzunguka mtu pande zote. Hapo akafahamu kilichowafanya wakubwa wa Ugogo wawatoze hongo watu wa misafara. Vitabu vya wasafiri vimejaa manung'uniko juu ya hongo hiyo: nguo, shanga na waya, siku kadhaa za kujadiliana kwa kila mtemi. Waliyoandika ni hesabu ya mtu aliyetozwa. Hawakuandika hesabu ya mtu aliyekuwa na kisima kimoja, na mbele yake msafara wa watu mia kadhaa wenye kiu, ambao kesho watakuwa wamekwenda zao na kisima kimebaki tope.

Na misafara hiyo ilifuata nini? Maalim alijua jibu kabla ya kujiuliza. Ilifuata pembe. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip na kufariki mwaka 1905, alipita nchi hizi kwa safari zake, na nyumba yake ingali imesimama Shangani, mahali ambapo Maalim alipita kila siku kwenda kazini. Pembe zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na pamoja nazo walikwenda watu waliofungwa minyororo. Kutoka forodha ya Unguja nyingi zilivuka bahari hadi Marekani, katika viwanda vya Connecticut, zikafanywa vibao vya piano. Katika darasa lake Maalim alilisomesha jambo hilo kama habari ya biashara. Pale korongoni alitambua kwamba mji wake ulikuwa umejua bei ya ndovu kwa ratili na frasila kwa zaidi ya karne moja, na haukupata kujua anakunywa wapi.

Usiku baridi ya mwezi wa Juni ilishuka pamoja na upepo. Watu walikusanyika kuzunguka moto nje ya tembe. Kijana mmoja alileta ilimba, na alipoanza kuvipiga vyuma vyake kwa vidole gumba, Maalim alimkumbuka Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo akaifanya sauti hiyo ijulikane duniani, na aliyefariki mwaka 2003. Alipata kumsikia mara moja, pwani. Lakini kule ilikuwa sauti ya jukwaani. Hapa iliingia baina ya mazungumzo na kutoka bila kuomba nafasi. Wanawake wawili walichukua ngoma wakazipachika baina ya magoti, kwa kuwa katika muheme ngoma ni za wanawake, wakapiga kidogo, wakacheka, wakaacha kwa sababu ya baridi.

Bibi alisimulia hadithi yake ya jina la Dodoma. Si ndovu aliyezama, alisema. Hao walikuwa ng'ombe wa Wahehe. Wagogo waliwaiba, wakawala, wakabakiza mikia. Wenyewe walipokuja kuwatafuta, wakakuta mikia imechomekwa katika tope la kijito, na Wagogo wamesimama pembeni wakisikitika: ng'ombe wenu hao, wamedidimia. Watu walicheka kama kwamba ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

“Sasa na Baba Malenga atupe chake,” alisema yule bibi wa ungo.

Maalim alisema hana kilichokamilika. Anacho kibwagizo tu, cha shairi la ndovu. Wakamtaka akiseme. Basi akakisema kwa sauti ya kughani, kama alivyozoea, akikivuta mwisho wake: Ndovu bwana wa nyikani, nani asimame mbele.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanafunzi wake alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi alisogeza kuni motoni, akasema taratibu:

“Mwanangu alisimama.”

Kisha akainuka, akasema maziwa yataganda vibaya yakiachwa wazi, akaingia ndani.

Maalim aliyapata mengine baadaye, kutoka kwa mwanafunzi wake, walipokuwa wamelala katika chumba kimoja na taa imezimwa. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, ndiye aliyebaki kijijini kulima ili yeye asome. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, ndovu waliingia shambani usiku. Kaka alikuwa katika dungu pamoja na mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Mtoto aliogopa, akaruka chini na kukimbia upande usio. Baba yake akateremka akasimama baina ya mtoto na ndovu, akipiga debe. Mtoto yuko hai. Ndiye aliyembebea Maalim kiti jioni ile.

“Kwa nini hukuniambia?” aliuliza Maalim.

“Uliniandikia kwamba unataka kumwona ndovu, Maalim. Ulikuwa na furaha. Nilisema moyoni, mgeni haandaliwi msiba.”

Maalim hakupata usingizi. Alijihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya matanga akiwa ameshika tarumbeta.

Asubuhi alimwendea Bibi kumtaka radhi. Alimkuta anapepeta. Alisema alichosema; Bibi akamsikiliza bila kusimamisha ungo, akamjibu kwamba hakukosea. Yeye aliulizwa nani, akajibu. Tangu siku ya mazishi, alisema, watu hawamtaji mwanawe mbele yake kwa kumhurumia, hata jina lake sasa linapata kutu. “Ukimwimba huyo mnyama, Baba, mwimbe. Ni mkubwa kweli. Lakini usimwache mwanangu nje ya wimbo.”

Ndovu walikuja usiku wa siku hiyo. Mtama mwingi ulikwisha vunwa, lakini ukingoni mwa kijiji palikuwa na shamba lililopandwa kwa kuchelewa, na wenyewe walikuwa wakilikesha. Mchana watoto hulinda kwelea kwelea, ndege wadogo kuliko ngumi wanaoweza kushuka kwa makundi yasiyohesabika na kuacha masuke matupu. Usiku wakubwa hulinda ndovu. Baadhi ya watoto, mwanafunzi alimweleza mwalimu wake, hulala darasani kwa ajili hiyo, nao waalimu wenye busara hawawaamshi.

Maalim alipelekwa juu ya paa la tembe, mahali palipo salama. Yeye aliyesafiri kutoka Unguja kuja kumwona ndovu hakumwona. Alisikia. Kwanza mbwa waliacha kubweka. Kisha ukaja mkatiko wa mabua, mmoja mmoja, bila haraka, mithili ya mtu anayevunja muwa jikoni kwake. Palikuwa na pumzi ndefu. Kwenye ukingo wa shamba giza lilionekana kuwa zito kuliko giza jingine, na giza hilo lilisogea. Ghafla madebe yakaanza kupigwa kutoka pande tatu, tochi zikawaka, na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili ukaletwa na upepo hata macho ya Maalim yakatiririka. Sauti ya mwanamke ilikuwa inaita jina la mtu, mara kwa mara, ili kujua kama yuko. Mtu yule akaitika. Maalim alijikuta anatetemeka, wala haikuwa kwa baridi.

Kulipopambazuka walikwenda kutazama. Theluthi ya shamba ilikuwa imelala. Nyayo zilizobaki zilikuwa pana kama sinia, na mpasuko wa ngozi ya unyayo ulionekana wazi katika vumbi kama mistari ya kiganja. Mwenye shamba, mtu mfupi mwenye koti la sufu, alipima eneo kwa hatua ili apeleke taarifa. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2011, aliyeharibiwa mazao na mnyama hatari hupewa kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Uhai wa mtu uliwekewa shilingi 1,000,000. Kwa nyumba ya Bibi fedha hizo zilifika baada ya mwaka na zaidi, na zilikwisha katika deni la mazishi.

Maalim aliyatia maneno yale mawili katika daftari lake. Kifuta jasho, kifuta machozi. Hata sheria, aliona, ikifika mahali haiwezi kulipa huomba msaada kwa washairi. Haikusema fidia, kwa kuwa fidia ni kitu kilicho sawa na kilichopotea.

Mwenye shamba hakumlaani ndovu. Alisema wazee wake walikuwa wakikaa mbalimbali, kila ukoo na tembe yake, na ndovu walipita katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja, nayo mashamba yakahama. Tangu hapo watu wameongezeka, na mapori yamekatwa. Kusini na magharibi kuna Ruaha, Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kaskazini, upande wa Kondoa, kuna Swagaswaga. “Yeye anajua njia ya bibi yake,” alisema. “Sisi tumelima juu ya njia.” Kisha akaongeza kwamba mtama wake hata hivyo alikuwa anauhitaji.

Mwanafunzi alikuwa amepanga tangu mwanzo kumfikisha Maalim hifadhini, na Bibi ndiye aliyesisitiza waende. Akamtazame mchana, alisema, asije akarudi kwao na nusu ya habari. Walivuka bwawa la Mtera, wakalala Iringa, na alfajiri wakashika njia ya vumbi iendayo Ruaha. Walipokaribia hifadhi Maalim aliona kibao cha kijiji akataka gari lisimame. Kiliandikwa: Tungamalenga.

Wenyewe wa kijiji wana maana yao ya jina hilo, na ndiyo iliyo sahihi. Lakini kwa sikio la Mswahili hiyo ni amri ya maneno mawili, na aliyeamriwa anatajwa. Mwanafunzi alicheka kidogo. Mwalimu wake hakucheka. Alisimama mbele ya kibao kile mpaka vumbi la gari lililowapita likatua mabegani mwake.

Ruaha ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na mto wake mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hukauka sehemu kubwa wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji ya Usangu hutumika katika mashamba ya mpunga kabla ya kufika huko. Katika mkono mmoja wa mchanga, mahali panapoitwa Mwagusi, dereva alizima injini.

Walikuwa kumi na wawili, majike na watoto wao. Yule mkubwa kuliko wote alikuwa akichimba mchanga kwa mguu wa mbele, akiukwangua na kuutupa nyuma kwa utulivu. Shimo lilipofika kina alitia mkonga ndani, akangoja. Maji yalikuwa yanajikusanya polepole. Akanywa; akangoja tena. Waliobaki walisimama nyuma yake wamejipanga, na hakuna aliyesukuma. Ndama mmoja, ambaye mkonga wake haukufika chini, alijipenyeza baina ya miguu ya mbele ya yule mkubwa, naye akamwachia nafasi.

Maalim alitazama kwa muda mrefu. Alikumbuka kwamba katika hesabu ya mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na ile ya mwaka 2014 ilikuta 43,000 hivi. Wengine waliuawa kwa ajili ya pembe, kama zamani, ila soko lilikuwa limehamia Asia. Baadaye ujangili ulipungua nao wakaanza kuongezeka. Yule jike mkubwa aliye mbele yake bila shaka aliipitia miaka hiyo, na huenda walikuwepo aliowazika kwa namna wanavyozika. Alikuwa mzuri kuliko picha zote. Pia alikuwa wa jamaa ya yule aliyemuua baba mbele ya mwanawe. Maalim hakuona namna ya kulitoa neno moja kati ya hayo mawili bila kusema uongo.

“Ni kisima kile kile,” alisema mwishowe.

“Ndiyo, Maalim,” alijibu mwanafunzi. “Hata mimi nilidhani wewe utaona.”

Shairi lilimalizika Unguja, mwezi wa Agosti, likawa na beti saba. Kibwagizo kilibadilika nusu yake ya kwanza tu: “Ndovu kashuka majini, nani asimame mbele.” Kina hakikuvunjika, wala mizani. Ubeti wa sita unamtaja mtu kwa jina lake na la baba yake, unasema alikuwa na debe mkononi, na kwamba alikuwa mlezi wa mtoto na wa mtama. Mjukuu alilisikiliza lote, akauliza yule mtoto wa kule ana miaka mingapi sasa. Alipoambiwa kumi na minne, alitaka kujua kama bado anapanda kwenye dungu usiku. Maalim alimwambia ndiyo.

Alilituma kwa simu kwa mwanafunzi wake, naye akaenda nalo kijijini siku ya Jumapili akamsomea mama yake, akimfasiria kwa Kigogo pale Kiswahili cha pwani kilipokuwa kigumu. Bibi alitaka ubeti wa sita usomwe tena, na uliposomwa alitaka usomwe mara ya tatu. Kisha akauliza kama Baba Malenga amefika kwao salama, na kama huko kwao, pamoja na bahari yote ile, maji ya kunywa wanachota wapi.